Mtoto Msumbufu Darasani: Mwalimu na Mzazi Wafanye Nini Bila Kiboko?

Karibu kila darasa la chekechea na la shule ya msingi lina mtoto mmoja au wawili ambao majina yao hutajwa na mwalimu kuliko ya wenzao. Huyu hakai kitini. Yule hunyang'anya wenzake penseli na kuwapiga. Mwingine huanza kelele pindi mwalimu anapogeukia ubao. Mara nyingi mambo huishia kwa mtoto kutolewa nje, kuchapwa, au kurudishwa nyumbani akamlete mzazi.

Njia hizo humnyamazisha mtoto kwa muda, lakini hazimfundishi kutulia. Anayepitisha asubuhi nzima nje ya darasa hukosa somo, na akirudi haelewi wenzake wamefika wapi, hivyo anasumbua tena. Njia yenye manufaa zaidi ni kutafuta kwanza kinachomsukuma mtoto, kisha kumfundisha tabia inayotakiwa kama anavyofundishwa kusoma na kuhesabu.

Sheria inasema nini

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya mwilini au ya kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili.

Hii ina maana kwamba hata kumwaibisha mtoto mbele ya gwaride kunaweza kumtia mtu mashakani. Aidha, sheria hiyo hairuhusu mwanafunzi kufukuzwa shule kiholela. Hatua za kumrekebisha sharti zijaribiwe kwanza, na mtoto pamoja na mzazi wake wapewe nafasi ya kusikizwa.

Wapo wazazi wanaohofia kwamba bila kiboko watoto wataharibika, na husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo inaonya dhidi ya kumwachilia mtoto afanye atakalo. Haisemi apigwe. Sheria imeondoa kiboko lakini haikuondoa nidhamu. Mtoto bado anahitaji kuwekewa mipaka, na mipaka hiyo isimamiwe kila siku.

Kwa nini mtoto anasumbua?

Kabla ya kuamua kwamba mtoto ni mtundu, yafaa kuuliza maswali machache.

Je, anasikia na kuona vizuri? Mtoto mwenye maambukizi ya sikio yanayojirudia anaweza kuonekana mkaidi kumbe hasikii maagizo. Asiyeona ubao huchoka kukodoa macho na kuanza kuchezea jirani yake.

Je, amekula na kulala vya kutosha? Watoto wa miaka mitatu hadi mitano huhitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, na wa miaka sita hadi 12 huhitaji saa 9 hadi 12. Aliyekesha mbele ya runinga au kufika shuleni bila kiamshakinywa hukasirika upesi na kushindwa kumakinika.

Je, anaelewa lugha inayotumika? Sera ya elimu inataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule. Aliyehamia kutoka eneo lingine huenda haijui lugha hiyo, akaonekana hatii amri.

Je, kuna jambo lililobadilika nyumbani? Kifo, wazazi kutengana, kuhama au ugomvi wa kila siku humfuata mtoto hadi darasani. Mabadiliko ya ghafla, kwa mfano mtoto mchangamfu kuwa mkali au kunyamaza kabisa, yasipuuzwe, kwa kuwa yanaweza kuwa ishara kwamba anadhulumiwa.

Wapo pia watoto wenye hali ya kimaumbile inayowafanya washindwe kutulia na kumakinika. Hali hii haitambuliwi kwa tukio la siku moja. Wataalamu huangalia iwapo dalili zimedumu angalau miezi sita na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Mtoto wa aina hii akiadhibiwa, anaadhibiwa kwa jambo asiloweza kulizuia peke yake.

Mbinu za darasani

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kwa wiki mbili, mwalimu anaweza kuweka daftari dogo la kunakili mambo matatu kila mtoto anaposumbua: nini kilitokea kabla, mtoto alifanya nini, na nini kilifuata.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa gredi ya pili anayetupa vitabu sakafuni. Daftari likionyesha kwamba hufanya hivyo kila wakati wa kusoma kwa sauti, na kila mara hutolewa nje, picha inakuwa wazi. Huenda mtoto hajui kusoma, na kutolewa nje kunamwokoa na aibu. Kwake, adhabu imegeuka zawadi. Atakayemsaidia ni mwalimu anayempa sentensi fupi anayoiweza na kumsomesha kando kwa dakika chache.

Pili, kanuni za darasa ziwe chache, tatu hadi tano, na ziseme la kufanya badala ya la kuacha. "Tunainua mkono kabla ya kuongea" inaeleweka na mtoto kuliko "Acheni kelele." Kwa watoto wa chekechea, kanuni hizo zichorwe na kubandikwa ukutani, kisha zirudiwe kila asubuhi.

Tatu, ratiba ya siku isibadilike ovyo. Fujo nyingi huzuka wakati wa kutoka shughuli moja hadi nyingine. Wimbo mmoja wa kukusanya vitabu na mwingine wa kupanga foleni ya uji huwaongoza watoto bila mwalimu kupaza sauti.

Nne, mtoto asifiwe anapofanya vyema, na asifiwe kwa jambo mahususi: "Umemngoja mwenzako amalize kuongea, vizuri sana." Mtoto anayetazamwa tu anapokosea hujifunza kwamba kukosea ndiyo njia ya kutazamwa.

Tano, makosa madogo yarekebishwe kwa sauti ya chini na karibu na mtoto, si kwa kumfokea kutoka mbele ya darasa. Katika darasa la wanafunzi 60, mwalimu hawezi kukaa na kila mmoja, lakini anaweza kumweka anayehangaika karibu na meza yake na kumpa kazi ya kutembea kidogo, kama kugawa madaftari au kufuta ubao.

Sita, matokeo ya kosa yahusiane na kosa lenyewe. Aliyemwaga maji ayapanguse. Aliyempiga mwenzake atulizwe kwanza, kisha aongozwe kuomba msamaha na kuonyeshwa namna ya kuitisha anachotaka kwa maneno.

Wajibu wa mzazi

Mzazi anapoitwa shuleni, lengo si kumwadhibu mtoto mara ya pili. Kumchapa nyumbani kwa kosa alilolitenda shuleni humfundisha kuficha mambo. Afadhali mzazi amwambie mwalimu yale anayoyajua: mtoto hulala saa ngapi, humhofia nani, na ni mambo gani humtuliza. Kisha wawili hao wakubaliane juu ya jambo moja au mawili ya kusimamia kwa namna ile ile nyumbani na shuleni, na wakutane tena baada ya wiki mbili.

Nani wa kuona?

Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti, ilhali shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Mzazi wa mtoto wa PP1 au PP2 katika shule ya umma aanze na mwalimu wa darasa, kisha msimamizi wa kituo, na baadaye Idara ya Elimu ya Kaunti. Mzazi wa mtoto wa gredi ya kwanza hadi ya sita aanze na mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, kisha bodi ya usimamizi ya shule. Lalama kuhusu mienendo ya mwalimu aliyeajiriwa na TSC hupelekwa katika afisi ya tume hiyo ya kaunti ndogo.

Ikiwa mtoto anashukiwa kuwa na tatizo la kusikia, kuona, kujifunza au kutulia, shule au mzazi anaweza kumpeleka katika kituo cha tathmini ya elimu, maarufu kama EARC. Huko hupimwa na kushauriwa kuhusu shule na msaada unaomfaa. Masikio na macho yanaweza pia kuchunguzwa kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu.

Endapo mtoto amepigwa, amedhulumiwa au yuko hatarini, ripoti ipigwe kwa afisa wa watoto, chifu au kituo cha polisi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga, kwa hivyo wazazi na walimu wanahimizwa kuwafundisha watoto nambari hiyo.