Daraja la biashara: Unanunua kitanda au unanunua jina?

Tulichanga fedha ndugu wanne, kila mmoja kwa uwezo wake, tukamkatia mama tiketi ya daraja la biashara kutoka Dar es Salaam hadi London. Mama amepita miaka 70 na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Kwa kuwa sisi, kutokana na yale tuliyoyaandika, hatuwezi kwenda nyumbani, hapakuwa na njia ya kuonana ila yeye aje.

Picha za kampuni tuliyoichagua zilivutia: kitanda, shuka nyeupe, mto mnene. Mama alipotoka nje pale Heathrow, salamu yake ya kwanza ilikuwa hii: "Baba, mmelipa fedha zote zile ili nilale nimekaa?" Kumbe kwenye safari ya usiku ndege ilibadilishwa, na kiti alichopewa kiliegemea nyuma kidogo tu. Tulipolalamika tukajibiwa kwamba kampuni ina haki ya kubadilisha ndege. Tangu siku hiyo hatununui tiketi kabla ya kuchunguza kiti, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Ndugu msomaji, jina "daraja la biashara" halina kipimo. Qantas ya Australia hujitaja kuwa ya kwanza kulianzisha, mwaka 1979, na enzi hizo lilikuwa kiti kipana tu. Mwaka 2000 British Airways ikaleta ndani ya daraja hilo kiti kinacholala sawasawa kama kitanda. Mwaka 2017 Qatar Airways ikazindua Qsuite, kiti chenye mlango wake kama chumba kidogo. Leo kiti kinachoegemea na chumba chenye mlango vyote vinauzwa kwa jina moja.

Mtego wa pili ni njia. Tangu British Airways iache kwenda Dar es Salaam mwaka 2013, msafiri wa London hubadilisha ndege Doha, Dubai, Istanbul, Addis Ababa, Nairobi au Amsterdam. Tiketi ni moja lakini ndege ni mbili, na viti vyake huenda visifanane hata kidogo.

Tuchukue Emirates. Katika ndege yake kubwa ya A380, daraja la biashara liko ghorofa ya juu, kila abiria anafika kwenye njia bila kumruka mwenzake, na nyuma kuna baa. Lakini ndege zake nyingi za Boeing 777 zimekuwa na viti saba kwa safu, mmoja akibanwa katikati. Ni mwaka 2024 tu ndipo ilipoanza kuzirudisha hewani zikiwa na viti vinne kwa safu. Qatar nayo ina sifa ya Qsuite, ila si kila ndege yake inayo. Turkish husifiwa kwa chakula, na kwenye safari ndefu utamwona mpishi na kofia yake nyeupe, lakini 777 zake nazo zimekuwa na viti saba kwa safu. KLM humpa abiria kijumba cha kauri chenye kinywaji kikali ndani, desturi iliyoanza miaka ya 1950. Ni kumbukumbu nzuri, lakini haipunguzi uvimbe wa mguu.

Ethiopian, iliyokuwa ya kwanza Afrika kurusha Airbus A350 mwaka 2016, imeweka viti viwili viwili katika nyingi ya ndege zake za aina hiyo. Wa dirishani hana budi kumpita jirani yake. Wakosoaji wa Ulaya huona hiyo ni kasoro. Sisi tunaona inategemea nani anasafiri: mzee asiyejua Kiingereza, akifungiwa peke yake nyuma ya mlango, hana wa kumwonyesha jinsi ya kukilaza kiti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza mambo matatu. Ni ndege ya aina gani katika kila kipande cha safari? Kiti kinalala sawasawa au kinaegemea tu? Kipande kipi ni cha usiku? Kama fedha ni kidogo, lipia daraja la juu kipande cha usiku pekee, kama kampuni inaruhusu. Na hata mwenye kitanda ainuke atembee. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini bila kusogea kwa saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda mishipani, ingawa wanaopatwa ni wachache.

Safari ya pili mama alikuja na mjukuu wake, viti vikiwa bega kwa bega, na alilala hadi alfajiri. Tulipomuuliza kilichompendeza zaidi, tulitarajia ataje kitanda au chakula. Akamtaja kijana aliyempokea mlangoni mwa ndege, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye mizigo huku akimwita bibi. Huduma hiyo hailipiwi, na hupewa abiria wa daraja lolote. Iombwe tu mapema, angalau saa 48 kabla ya safari. Ile mara ya kwanza, katika haraka yetu ya kutafuta kitanda, hatukukumbuka kuiomba.