Kuondoa Jeli Iliyoziba Njia ya Mafuta (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliona jinsi kisima kikongwe kinavyotoa maji mengi kuliko mafuta, na jinsi maji hayo yanavyozuiwa kwa jeli. Aina iliyosambaa sana ilibuniwa na Robert Sydansk wa kampuni ya Marathon, Marekani, ikatumiwa miaka ya 1980 katika bonde la Bighorn, Wyoming. Polima ya poliakrilamaidi huchanganywa na maji na asetati ya kromiamu, ikasukumwa kisimani ingali majimaji. Huko chini kromiamu huifunga minyororo ya polima pamoja, mchanganyiko ukaganda kuwa jeli.

Ikigandia ndani ya ufa unaopitisha maji, ni heri. Taabu huanza inapopenya kwenye vinyweleo vya mwamba wenye mafuta. Jeli hii huyabana maji zaidi kuliko mafuta, lakini mafuta nayo hayasalimiki.

Wengi hukimbilia asidi ya haidrokloriki, dawa iliyozoeleka ya visima vilivyoziba. Asidi hula chokaa ya mwamba. Jeli inaweza kusinyaa, lakini haiyeyuki. Kinachoikata minyororo ya polima ni kioksidishaji: haidrojeni peroksaidi, pasalfeti, au haipokloraiti ya sodiamu, ile ile iliyomo kwenye jiki ya kufulia. Minyororo ikishakatika vipande vifupi, jeli hulegea, na kisima kikifunguliwa hutoka pamoja na maji.

Kwa maoni yangu, kuchagua dawa ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuifikisha panapotakiwa. Kimiminika hufuata njia nyepesi. Dawa ikishatoboa upenyo mmoja, iliyobaki hupita humo humo na kuiacha jeli ya pembeni ilivyokuwa. Baya zaidi, ikiingia kwenye ule ufa, huyeyusha jeli tuliyoitaka ibaki, na maji yakarudi. Ndiyo maana inafaa kulitenga tabaka husika kwa vizibo, dawa ishushwe kwa bomba jembamba hadi hapo, kisha iachwe ifanye kazi kabla ya kisima kufunguliwa.

Hapo pana jambo linalonisumbua. Haipokloraiti hula chuma cha mabomba, tena inaweza kuigeuza kromiamu ya jeli kuwa kromiamu sita, sumu inayosababisha saratani. Maji ya kwanza kutoka baada ya tiba hiyo yakusanywe kwenye matangi na yapimwe kromiamu sita, yasimwagwe ardhini hata kidogo.