Risasi Haiozi: Funzo la Owino Uhuru kwa Visima vya Palma

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi, na risasi ina soko. Ndiyo maana betri iliyokufa haitupwi. Huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ikapasuliwa, tindikali ikamwagwa na mabamba yake yakaingia tanurini. Kazi hiyo ikifanywa kwa vifaa vinavyofaa, ina manufaa. Ikifanywa ovyo, jirani wa kiwanda ndiye anayeumia.

Kwa sisi watu wa pwani, jirani huyo ni mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ubavuni mwa makazi ya watu wapatao 3,000. Moshi ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa, na maji machafu yakapita katikati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa hapo, alipimiwa mwanawe mchanga aliyekuwa akiugua, na damu ya mtoto ikakutwa na risasi. Mama huyo akawaongoza wenzake kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Tanuri lilizimwa, lakini risasi ilibaki. Risasi ni elementi: haiozi, haiungui ikaisha, wala hakuna kijidudu kinachoweza kuivunja. Ikifika ardhini hushikana na udongo wa mfinyanzi na mboji, ikakaa sentimita chache za juu, pale pale watoto wanapocheza na kuku wanapoparura. Tindikali ya betri ikimwagwa hapo, risasi huachia udongo, ikayeyuka na kushuka na maji. Udongo wa mfinyanzi huizuia kiasi. Mchanga mtupu hauna nguvu hiyo.

Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha pwani ya Dakar, Senegal, kiliyaona madhara ya risasi inayobaki ardhini. Watu walipasua betri kwa miaka mingi, kisha bei ya risasi ilipopanda wakaanza kuchekecha mchanga wenyewe ili kuokota mabaki. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto wasiopungua 18 walifariki.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaiweka mifupani kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake huachia sehemu ya risasi hiyo, ikamfikia mtoto tumboni. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na madhara kwenye ubongo wake hayarudishiki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho halioni wala ulimi hauonji. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, risasi ikabaki sufuriani.

Palma, kaskazini mwa Msumbiji, inajulikana kwa gesi, si kwa matanuri. Lakini ujenzi wa mradi wa gesi wa Afungi huja na malori, jenereta na mitambo ya sola, na vyote hivyo vina betri zitakazokufa siku moja. Ardhi ya pwani ile ni ya kichanga, na watu wengi hutegemea visima. Najua waliorejea Palma baada ya mashambulizi ya wanamgambo ya Machi 2021 wana mengi ya kuhangaikia, usalama kwanza. Hata hivyo, kuna kazi isiyopaswa kungoja: kupima maji na udongo kabla madhara hayajatokea. Jambo gumu kuthibitisha katika madai ya aina hii ni hali ya ardhi ilivyokuwa mwanzo, na asiye na kipimo cha mwanzo huambiwa uchafu ulikuwapo tangu zamani.

Serikali ya wilaya na Chuo Kikuu cha Lúrio, chenye kitivo katika mji wa Pemba wa Msumbiji, wachukue sampuli sasa Palma mjini, kijiji cha Quitunda na vijiji vya Afungi. Matokeo yasomwe hadharani, kwa Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili. Nawe msomaji mwenye betri kuukuu uani, usiipasue, usimwage tindikali yake karibu na kisima, na ukiiuza, iuze ikiwa nzima.