Kutoka jangwani hadi Burma: Nishani ya babu inasema nini?

Katika baadhi ya nyumba za Uganda bado zimehifadhiwa nishani zenye umbo la nyota, walizopewa askari wa keya, yaani jeshi la kikoloni la King's African Rifles, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wajukuu huuliza: babu alipigana wapi? Hadithi aliyoiacha ina jangwa, meli na mvua isiyokatika, na sehemu zake huonekana kutopatana.

Hata hivyo, askari mmoja aliweza kuyapitia yote hayo.

Jangwa kwanza

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Wakati huo iliitawala Ethiopia na sehemu kubwa ya Somalia, na mpaka wa nchi hizo na Kenya ulipita katika ukame mtupu. Askari wa keya, wakiwemo wa batalioni ya 4 ya Uganda, walipelekwa huko, ambako mwenye kushika visima ndiye aliyeweza kusonga mbele. Mogadishu ilitekwa tarehe 25 Februari 1941, Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na Gondar, ngome ya mwisho ya Waitalia, ikaanguka tarehe 27 Novemba.

Kisha bahari na msitu

Adui wa jangwani alikwisha kushindwa, lakini wengi hawakurudishwa nyumbani. Mwaka 1942 baadhi walivushwa hadi Ceylon, leo Sri Lanka. Wengine walikwenda Madagascar kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia katika bonde la Kabaw, Burma, kuwakabili Wajapani katikati ya mvua za masika.

Safari hizo zilifanywa kwa siri, na siri hiyo ilikuwa na sababu. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Watu wapatao 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Namna ya kuisoma nishani

Tazama utepe wake. Wenye rangi ya mchanga, na mstari mwekundu katikati, ni wa Nyota ya Afrika: mwenyewe alipigana Ethiopia, Somalia au Afrika Kaskazini. Wenye buluu iliyoiva, nyekundu na rangi ya chungwa ni wa Nyota ya Burma. Aliyeacha zote mbili alilijua jangwa na msitu pia.

Jambo moja halimo. Nyota hizo zilitolewa bila kuchongwa jina la askari. Wazee waliolijua jina hilo wanazidi kupungua. Ni vyema liandikwe leo, na karatasi yake iwekwe pamoja na nishani.