Mvinyo wa kwanza: Mambo 5 ya kusoma kwenye chupa kabla hujalipa

Rafu ya supamaketi ina chupa kibao. Mtu aliyezoea bia au soda amealikwa chakula cha jioni na hataki kwenda mikono mitupu. Anaangalia bei, anachukua chupa ya bei ya kati, anaondoka. Usiku inafunguliwa, anaonja, uso unakunjamana. "Kumbe waini yenyewe ndiyo hii? Chungu hivi!"

Mwingine yanamkuta ya upande wa pili. Anapata mvinyo mtamu unaoteleza kama juisi, anakunywa glasi nne chapuchapu, halafu anashindwa kusimama.

Wote wawili hawakuibiwa. Walichohitaji kujua kilikuwa kimeandikwa kwenye lebo. Haya ndiyo mambo matano ya kutafuta.

1. Neno la utamu

Mvinyo unatokana na sukari ya zabibu. Chachu, ndugu wa hamira ya maandazi, hula sukari hiyo na kuigeuza kuwa kilevi. Ikila karibu yote, mvinyo unabaki bila utamu na lebo huandikwa "dry". Sukari ikibaki, utaona "semi-sweet" au "sweet".

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. "Dry" maana yake sukari iliyobaki ni kidogo sana, basi. Na neno "fruity" halina maana ya utamu. Linazungumzia harufu na ladha ya matunda. Kwa mvinyo wenye mapovu, "brut" nayo ni alama kwamba sukari ni kidogo.

Aliyezoea soda asianze na "dry". Aanze na "semi-sweet", ulimi uzoee, kisha ashuke taratibu. Anayependa chai ya rangi bila sukari anaweza kuanzia popote.

2. Asilimia ya kilevi

Namba hii huandikwa kwa herufi ndogo, lakini ndiyo inayoamua asubuhi yako itakuwaje. Mvinyo wa kawaida una asilimia 11 hadi 14. Aina nyingi za "natural sweet" kutoka Afrika Kusini huwa chini ya hapo.

Ukiona "fortified", huo umeongezewa spiriti na kwa kawaida una asilimia 15 hadi 22. Mara nyingi ni mtamu, na utamu unaficha ukali.

Piga hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12.5 ina karibu 94, sawa na bia nne kasoro kidogo. Chupa hiyohiyo ikiwa na asilimia 18 inafika 135, yaani zaidi ya bia tano. Chupa moja ni glasi tano za mililita 150, kwa hiyo ni ya kugawana, si ya mtu mmoja.

3. Rangi

Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu. Humo ndimo inamotoka rangi, pamoja na tanini, kitu kinacholeta ule ukakasi mdomoni. Ni hisia ileile ya kula bibo au zambarau: ulimi unakauka na kukwaruza. Kwa anayeanza, ukakasi huo ndio anaouita uchungu.

Mvinyo mweupe kwa kawaida hutengenezwa kwa juisi bila maganda, hivyo ukakasi ni mdogo sana ila uchachu husikika zaidi, kama ndimu kwa mbali. Wa waridi uko katikati. Kwa mara ya kwanza, mweupe au wa waridi ndio njia rahisi.

4. Aina ya zabibu na inakotoka

Jina la zabibu linakusaidia kukisia ladha. Cabernet Sauvignon ni mzito na una ukakasi mwingi. Merlot ni laini zaidi. Sauvignon Blanc una uchachu wa kuamsha. Chenin Blanc hutengenezwa kwa mitindo mingi, kuanzia "dry" hadi mtamu kabisa, hivyo rudi kwenye neno la utamu.

Si lazima chupa itoke ng'ambo. Dodoma ndiko kitovu cha zabibu Tanzania. Wamisionari wa Kikatoliki walizipanda huko, na divai ya misa ikiwa mojawapo ya sababu. Leo mkoa huo una Chenin Blanc, Syrah na zabibu nyekundu inayobeba jina la Makutupora. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali, wakulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Zipo za Dodoma kavu, tamu na zilizoongezewa spiriti, hivyo jina la mkoa pekee halitoshi. Soma namba.

5. Stempu na hali ya chupa

Pombe bandia inaweza kuua au kupofusha. Tanzania na Kenya zina stempu za kodi kwenye chupa, na zinaweza kuhakikiwa kwa simu: Tanzania kuna programu ya Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label. Chupa isiyo na stempu iache hapohapo, hata iwe nusu bei.

Iache pia iliyokaa juani dirishani, au inayovuja kwenye kizibo. Joto huharibu mvinyo. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo mbovu, na hakikulazimishi kutafuta kizibuo. Usihangaike kutafuta chupa ya mwaka wa zamani pia; mvinyo mwingi wa bei ya kawaida umetengenezwa unywewe ndani ya miaka michache.

Ukifika nyumbani

Mweupe uwe baridi kama soda. Mwekundu, kwa joto la Dar au Mombasa, uweke kwenye friji kama nusu saa. Ukinywewa na joto la chumba, kilevi ndicho kinachopanda puani.

Nyama choma inakaa vizuri na mwekundu, kwa sababu mafuta na protini hupunguza ukakasi. Samaki na kuku waende na mweupe. Chakula chenye pilipili kipe "semi-sweet". Kilevi kingi huongeza moto mdomoni. Uliobaki ufunge, uweke kwenye friji, umalize ndani ya siku tatu hadi tano.

Kama chupa nzima inauma mfukoni, agiza glasi moja mgahawani kwanza. Ukiipenda, piga picha lebo. Safari ijayo huanzi sifuri.

Na aliye chini ya miaka 18, mjamzito, anayeendesha gari au aliyekatazwa pombe na dawa anazotumia, glasi yake iwe ya juisi. Kwenye kugonganisha glasi, zote hulia sawa.