Darubini ya Mfukoni: Soma Namba Kabla ya Kununua

Natumaini kila mtu anayo kalamu, karatasi na rula mbele yake, kwa maana somo letu la leo lina kusoma ndani yake, na lina hesabu pia.

Leo tutasema habari za darubini ndogo ya macho mawili, ile ambayo hukunjwa ikaingia mfukoni. Pengine baadhi yenu mtacheka na kusema, "Darubini ni kitu cha watalii na manahodha wa meli. Sisi watu wa Pangani yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Fikiri kwamba umesimama pwani, karibu na mlango wa mto Pangani. Ni wakati wa kusi, na bahari imechafuka. Mbali kule unaona ngalawa moja, tanga lake limeshuka. Je, mwenyewe ameshusha tanga ili avue samaki, au mlingoti umevunjika? Yule aliyesimama anavuta mshipi, au anapunga nguo apate msaada? Kwa macho matupu huwezi kujua. Kama unayo darubini mfukoni utajua mara moja, na utakimbia kuwaita wenye boti za mashine. Darubini kubwa iliyofungiwa sandukuni nyumbani haimfai mtu saa ile. Iliyo bora ni ile uliyo nayo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1609, mtaalamu wa Italia aitwaye Galileo aliwapandisha wakubwa wa mji wa Venice juu ya mnara, akawapa darubini yake watazame baharini. Wakaviona vyombo muda wa saa mbili na zaidi kabla macho matupu hayajaweza kuviona. Watu wa pwani walitambua mapema faida ya kuona mbali.

Namba mbili

Sasa tazameni ubaoni. Mwalimu wa darasa aandike hivi: 8x25. Namba hizi hupigwa chapa juu ya kila darubini. Twasoma, "nane mara ishirini na tano." Kila namba ina maana yake.

Namba ya kwanza, 8, ni ukubwa wa picha. Kitu huonekana kama kimesogea karibu mara nane. Ngalawa iliyo mbali mita 800 utaiona kama iko mita 100 tu. Darubini ya 10 itaisogeza mpaka mita 80.

Namba ya pili, 25, ni upana wa kila kioo cha mbele kwa milimita, yaani sentimita mbili na nusu. Hicho ndicho mlango wa nuru. Mlango ukiwa mpana, nuru nyingi huingia.

Basi mtu atasema, "Nitatafuta yenye namba kubwa kabisa." Hapo ndipo watu wengi hukosea. Darubini haikuzi picha peke yake, hukuza na mtetemeko wa mkono wako. Ya nane hukuza mtetemeko mara nane, na ya kumi mara kumi. Tena kadiri picha inavyokuzwa, ndivyo sehemu unayoiona inavyokuwa nyembamba, na chombo au ndege hukupotea upesi.

Tuchukue mfano wa kisiwa cha Maziwe, kilichofanywa hifadhi mwaka 1975. Zamani kilikuwa na miti. Siku hizi ni fungu la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yakijaa. Ndege wa baharini hupumzika pale. Ukiwasogelea sana huruka wote. Ukitaka kuwaona vema, inakupasa uwatazame kutoka chomboni, na chombo hakitulii. Ndani ya mashua inayoyumba, ya nane itakuonyesha mengi kuliko ya kumi. Kwa hiyo, kwa mtu wa pwani, chagua 8. Kumi iwe mwisho wako.

Rula haisemi uongo

Mimi mwenyewe nilidanganyika siku moja. Nilikuta dukani darubini ndogo sana iliyoandikwa 30x60. Nikajiambia, "Thelathini ni nyingi kuliko nane, hii ndiyo." Nikalipa bila kupima. Nilipoijaribu ukingoni mwa mto, nikitazama upande wa Bweni, picha ilicheza kama mwali wa taa katika upepo, tena ilikuwa na giza. Nilipoweka rula juu ya kioo cha mbele, nikaona upana wake ni milimita 22 tu. Ile 60 ilikuwa maandishi matupu.

Ningaliweza kujua kabla ya kutoa fedha. Fanyeni hesabu pamoja nami. Milimita 60 ni sentimita 6. Vioo ni viwili, navyo hukaa kando kwa kando. 6 na 6 ni 12. Je, darubini ambayo vioo vyake peke yake vina upana wa sentimita 12 itaingia mfuko wa shati? Haiwezi. Basi ukiona darubini ndogo yenye namba kubwa hivyo, jua kwamba mwandishi wa namba hakupima. Nenda dukani na rula yako.

Hesabu ya nuru

Gawanya namba ya pili kwa namba ya kwanza. 25 kwa 8 ni 3 na kidogo. Maana yake, nuru inayofika jichoni ni duara lenye upana wa milimita 3 hivi. Ukitaka kuliona, shika darubini mbali na uso, uielekeze kwenye mbingu yenye mwanga, si kwenye jua. Utaona kiduara cheupe katika kila kioo cha nyuma.

Mchana, mboni ya jicho hujifunga ikawa na upana wa milimita mbili au tatu. Kwa hiyo duara la milimita 3 latosha. Jioni mboni hufunguka zaidi, na hapo darubini ndogo huonyesha picha yenye giza kuliko inavyotakiwa. Yafaa mlijue hili kabla ya kununua: darubini ya mfukoni ni ya mchana. Mwenye kazi ya alfajiri au magharibi hutumia kubwa, kama 7x50. Gawanya: 50 kwa 7 ni 7 na kidogo. Lakini ile huwa na uzito wa kilo moja hivi, nayo haiingii mfukoni. Ndogo nyingi zina gramu 200 mpaka 350. Ukikuta 8x20 na 8x25, ile ya 20 ni nyepesi zaidi, bali ya 25 hupitisha nuru zaidi na ni rahisi kuituliza mbele ya macho.

Mambo mengine ya kuuliza

Kwanza, maji. Uliza kama haiingizi maji. Nzuri zimezibwa kabisa na kujazwa gesi kavu ya naitrojeni, ili mvuke usiingie. Pwani yetu ina unyevu mwingi; darubini isiyozibwa huota ukungu juu ya vioo vya ndani, nao ni shida kuutoa.

Pili, miwani. Kama unavaa miwani, jaribu darubini ukiwa umeivaa. Vikombe vya macho vikunjwe au vizungushwe chini. Ukiona duara dogo tu badala ya picha nzima, hiyo si yako. Darubini inayowafaa wenye miwani huruhusu jicho likae mbali na kioo kwa milimita 15 au zaidi.

Tatu, upana wa unachokiona. Mara nyingine huandikwa hivi: 110m/1000m. Maana yake, ukitazama mahali palipo mbali mita 1000, utaona upana wa mita 110. Hapa namba kubwa ni njema.

Kuijaribu dukani

Usijaribu ndani ya duka. Omba ruhusa utoke mlangoni. Kunja au kunjua darubini mpaka duara mbili ziwe moja. Kisha fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Halafu fumba la kushoto, ugeuze pete ya jicho la kulia, ambayo kwa kawaida huwa upande huo. Sasa fumbua yote mawili.

Tazama ubao wenye maandishi ulio mbali. Je, herufi zasomeka mpaka ukingoni mwa picha? Tazama na kuti la mnazi dhidi ya mbingu. Kama lina mstari mpana wa rangi pembeni, au unaona makuti mawili badala ya moja, rudisha. Darubini inayoonyesha vitu viwili huumiza kichwa. Itikise polepole karibu na sikio. Kisisikike kitu kinachogonga ndani. Wala usivutwe na vioo vyekundu kama kioo cha kujitazamia. Vinapendeza machoni, lakini hurudisha nje nuru uliyoilipia.

Kuitunza, na adabu yake

Vaa ugwe wake shingoni. Mchanga ukiingia juu ya kioo, usifute. Upulize kwanza, kwa sababu chembe ya mchanga hukwaruza kioo. Chumvi ya bahari iondoe kwa kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ukaushe.

Kamwe usitazame jua kwa darubini, hata mara moja. Laweza kukupofusha. Wafundisheni na watoto.

Tena, darubini ina adabu yake. Usiielekeze kwenye nyumba na nyua za watu, wala kwenye kambi za askari. Kuona mbali si ruhusa ya kuchungulia.

Basi, kwa kifupi: chagua 8x25, pima kwa rula, jaribu nje ya duka, kisha itembee nawe kila siku. Aliyejua kusoma namba mbili na kugawanya moja kwa nyingine hauziwi maneno matupu.

Maswali ya darasani

1. Mashua iko mbali mita 1600. Kwa darubini ya 8x25 itaonekana kama iko mita ngapi?
2. Gawanya: 20 kwa 8, 25 kwa 10, 50 kwa 7. Ipi itaonyesha vema zaidi wakati wa magharibi?
3. Mwenye duka akuonyesha darubini ya mfuko wa shati iliyoandikwa 40x60. Utamjibu nini, na utamwonyesha kwa hesabu gani?
4. Kwa nini ya nane ni bora kuliko ya kumi ndani ya mashua?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.