Jana alitukana, leo hamtazami mtu usoni: je, kweli hajuti?

Mwanamume wa delta akienda dago kuvua kamba, mkewe anaweza kukaa siku tatu au nne bila kumpata kwenye simu. Kule ndani ya mikoko mtandao ni wa kubahatisha, na wake wengi wameshazoea. Sasa tumchukue mke mmoja wa mfano. Si mtu tunayemfahamu, lakini huenda wewe msikilizaji ukamtambua.

Siku ya kwanza simu ya mumewe haipatikani. Anapiga mara thelathini. Siku ya pili ana hakika ameachwa, kuna mwanamke mwingine. Anatuma ujumbe wa matusi, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe anamwambia, "Mwanangu, tulia, mwenzio atarudi." Anamjibu maneno ambayo mtu hamwambii mkwewe, na sufuria ya wali inaishia uwanjani. Usiku wa manane anasikika akilia. Alfajiri, kabla ya adhana, ameshafagia uwanja na kuchota maji, na hamtazami mtu usoni. Jioni mume anarudi na tenga lake la kamba. Kumbe simu iliisha chaji.

Mawifi wanasema, "Huyu hana utu. Angekuwa na huruma angemtukana mama? Na mbona haombi radhi?" Mwingine anasema ni jini.

Makala haya yanajibu swali hilo la mawifi. Jibu kwa kifupi ni kwamba mtu wa namna hii mara nyingi anajuta sana. Shida ni kwamba majuto yake yanageuka aibu, na aibu inamfunga mdomo.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Wataalamu wanaliita tatizo la haiba la mpakani. Kwenye karatasi za hospitali linaweza kuandikwa BPD. Jina la "mpakani" lilianza kutumiwa mwaka 1938 na daktari Adolph Stern wa New York, aliyeona wagonjwa wanaokaa katikati ya aina mbili za maradhi ya akili zilizojulikana wakati ule. Jina limebaki, ingawa maelezo yamebadilika.

Mwenye tatizo hili anaishi na hofu kubwa ya kuachwa. Hisia zake hupanda haraka na huchelewa kushuka. Leo mtu ni malaika kwake, kesho mtu yuleyule ni adui. Anaweza kuhisi utupu moyoni, kufanya mambo kwa pupa, kujiumiza mwilini au kutaka kufa. Dalili huanza zaidi katika ujana, na huwapata wanawake na wanaume. Chanzo si kimoja. Kuna maumbile ya kurithi, na kwa wengi kuna utoto wa mateso: kupigwa, kudhalilishwa, au kukua bila wa kumsikiliza.

Lakini tahadhari. Hasira ya siku moja si ugonjwa. Mke anayelalamika kwa sababu kweli ametelekezwa au anapigwa, huyo ana haki ya kulalamika. Tatizo hili hutambuliwa na mtaalamu wa afya ya akili baada ya kuangalia mwenendo wa muda mrefu. Halitambuliwi na majirani.

Hatia na aibu si kitu kimoja

Mtu akikosea, moyo wake unaweza kusema moja ya mambo mawili. La kwanza ni, "Nimefanya jambo baya." Hiyo ni hatia. La pili ni, "Mimi ni mbaya." Hiyo ni aibu. Mwanasaikolojia June Tangney wa Marekani amechunguza tofauti hii kwa miaka mingi. Utafiti wake unaonyesha kwamba hatia humsukuma mtu kwenda kuomba radhi na kutengeneza alichoharibu, lakini aibu humsukuma kujificha, kukana, au kumgeuzia mwingine lawama.

Ukiyajua haya, asubuhi ya yule mke unaielewa vizuri zaidi. Kufagia uwanja kabla ya adhana ndiyo radhi yake. Anajua alichofanya. Ila kila akitaka kusema "nisamehe, mama", ndani anasikia, "Wewe si mtu wa kusamehewa." Basi ananyamaza. Wifi akimsuta mbele za watu, aibu inazidi, na anayesutwa ama anawaka upya ama anaenda kujidhuru.

Wazee walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa mwenye tatizo hili mjukuu hachelewi. Anakuja usiku uleule, na anakuja na fimbo.

Je, huruma anayo?

Huruma ina sehemu mbili. Kuna kuhisi maumivu ya mwenzako, na kuna kuelewa mwenzako anawaza nini. Wengi wenye tatizo hili hawana upungufu katika kuhisi. Mtoto wa jirani akilia, wao wanaumia. Kwenye msiba wanaweza kuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Sehemu inayoyumba ni ile ya kuelewa, na huyumba zaidi moyo unapochemka. Tafiti zimeonyesha kwamba watu hawa huweza kuuona uso uliotulia kama uso wa hasira. Mama mkwe amenyamaza kwa sababu amechoka, yeye anaona amechukiwa. Simu haipatikani kwa sababu ya chaji, yeye anaona talaka. Wakati ule nafasi ya kumfikiria mwingine inakuwa imejaa hofu.

Hapa ndipo anapotofautiana na mtu mwenye tabia ya ukatili, anayeumiza wengine kwa kupanga na kulala usingizi wake vizuri. Kuwachanganya hao wawili ni kumwonea mgonjwa.

Kwa nini basi anarudia?

Hili ndilo linalowachosha jamaa. "Kama anajuta, mbona wiki ijayo ni yaleyale?" Ni kwa sababu majuto peke yake hayamfundishi mtu namna ya kutulia. Mtu anaweza kujuta kwa dhati kwamba alizama, na bado asijue kuogelea.

Aliyeonyesha kwamba kuogelea huko kunafundishika ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani. Mwaka 1991 alichapisha matokeo ya tiba ya mazungumzo inayomfundisha mgonjwa kuzitambua hisia zake, kuivumilia dhiki bila kujiumiza, na kuzungumza na watu wake bila kuvunja. Miaka 20 baadaye, mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alirudi kwenye hospitali alikolazwa akiwa msichana na kueleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alipitia mateso hayohayo.

Kuna habari njema nyingine. Mtafiti Mary Zanarini na wenzake karibu na Boston waliwafuatilia wagonjwa 290 waliowahi kulazwa. Katika miaka 10, watu 93 katika kila 100 walipata kipindi cha angalau miaka miwili ambacho dalili zilikuwa zimepungua kiasi kwamba hawakuhesabiwa tena kuwa na tatizo hilo. Karibu nusu walirudi pia kwenye maisha mazuri ya kazi na mahusiano. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu huyu "ndivyo alivyo, hatabadilika".

Nyumbani mfanye nini?

Kwanza, subirini maji yapwe. Mvuvi hazibi mtumbwi unaoelea. Husubiri maji yashuke, mtumbwi ukae mchangani, ndipo aanze kazi. Hasira ikiwa juu, sema kwa sauti ya chini, "Naona umeumia. Tutaongea ukitulia." Usimsute na usibishane naye kuhusu nani kaanza.

Pili, lisemeni tendo, msimseme mtu. "Maneno ya jana yaliniumiza" ni tofauti na "wewe ni mtu mbaya." La kwanza linamfungulia njia ya kuomba radhi. La pili linamrudisha kwenye aibu.

Tatu, mpeni njia fupi ya kutengeneza. Maneno machache yanatosha: "Mama, jana nilikukosea. Niwie radhi." Kisha apike wali mwingine, na yaishe. Radhi ikishapokelewa msiifukue kila mwezi.

Nne, kumwelewa si kumruhusu. Ugonjwa unaeleza kwa nini sufuria ilirushwa, hauhalalishi kuirusha. Kama kuna kipigo au watoto wako hatarini, linda usalama kwanza. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, ni ya bure.

Tano, asafiriye aage vizuri. "Naenda dago, narudi Alhamisi, simu itakuwa haipatikani" ni maneno madogo, lakini yanaweza kuzuia usiku mzima wa balaa.

Sita, neno la kutaka kufa lisichukuliwe kama vitisho vya bure. Muulizeni waziwazi, msimwache peke yake, na muwahi kituo cha afya. Dawa za mikorosho na za shambani zifungiwe mbali, au ziwekwe kwa jirani.

Msaada uko wapi?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na uombe rufaa. Kwa walio visiwani safari ni boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Kibiti. Hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani ni Tumbi, Kibaha. Juu yake ipo Muhimbili, Dar es Salaam, yenye idara ya magonjwa ya akili, na Mirembe kule Dodoma. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye anaweza kuwasaidia kuongea kama familia.

Kabla hamjaenda, andikeni kwenye simu yenu matukio ya miezi michache: siku gani, nini kilitangulia, ilichukua muda gani kutulia. Mtaalamu atayahitaji. Hakuna kidonge kimoja cha kuliponya tatizo hili. Dawa hutolewa kwa yale yanayoambatana nalo, kama sonona. Tiba kuu ni mazungumzo yenye mpango. Anayetaka dua kwa shehe au mchungaji wake aendelee, ila asiache hospitali.

Na kama wewe unayesoma ndiye uliyefagia uwanja alfajiri, ukishindwa kumtazama mkweo, lishike hili: aliyefanya kosa bado anaweza kulitengeneza. Anza na yale maneno machache, leo, maji yakiwa yamepwa.